Kikanisa Kilichozibwa Pumzi: Kisa cha Jengo la Misheni Kugeuzwa Makumbusho

Kisa hiki ni cha jengo moja la misheni katika pwani ya Tanzania. Jina la mahali, la parokia, la mfadhili na la kila mtu nimeliondoa, na vitu vichache vya kutambulisha eneo nimevibadilisha. Mimi nilikuwa mshauri wa ukarabati. Baadhi ya makosa nitakayoyaeleza nilitia saini mwenyewe, na ninayaandika kwa sababu najua kuna kamati nyingine zinazokaa chini ya mwembe sasa hivi, na mchoro mezani, wakijiuliza maswali yaleyale tuliyojiuliza sisi.

Usuli

Eneo lina majengo mawili ya robo ya mwisho ya karne ya 19, yanayotazamana kwenye ua mmoja. La kwanza ni kikanisa: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa zaidi ya nusu mita, zilizoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na juu kenchi za mbao zilizoezekwa mabati. Karibu na paa kila upande kuna matundu marefu yenye mbao za mshazari. Ukisimama ndani wakati kusi inavuma, unasikia hewa ikiingia upande wa bahari na kutokea upande wa pili juu ya kichwa chako.

La pili ni nyumba ya masista, yenye ghorofa moja. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Wembamba huo hakuna mchoraji aliyeuchagua. Uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko haivuki mita tatu kwa raha, kwa hiyo chumba nacho hakivuki. Juu ya boriti kuna mawe madogo na sakafu ya chokaa iliyopigwa kwa vigongo hadi ikashikana.

Kama misheni nyingi za pwani za wakati ule, hii ilipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Vitabu vyake vya ubatizo vipo mpaka leo, vimeandikwa kwa wino wa kahawia: jina la ubatizo, umri wa kukadiria, nchi alikotoka mtu, na jinsi alivyofika.

Parokia ilipokua ikajenga kanisa kubwa kando ya barabara. Kikanisa kikabaki kuwa stoo ya viti vya sherehe, maturubai na ngoma za kwaya. Miaka ya tisini kuta zake zilipigwa lipu ya saruji, ndani na nje, kutoka chini hadi usawa wa kifua. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema: ukuta ulikuwa unapukutika, nao wakauvisha koti gumu.

Kisheria jengo lilikuwa njia panda. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni za Bara zilianza baada ya hapo. Bagamoyo, ya kwanza kati ya hizo, ilianza 1868. Jengo la umri huo hulindwa pale tu linapotangazwa rasmi, na letu halikuwa limetangazwa. Hakukuwa na aliyelazimika kuomba ruhusa ya kugusa chochote.

Kikao cha kwanza

Fedha zilipatikana kwa mfadhili wa nje, kwa sharti kwamba makumbusho yafunguliwe ndani ya miezi 18. Kamati ilikuwa na paroko, wajumbe wawili wa halmashauri ya walei, ofisa wa wilaya, mhandisi na mimi. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Hakukuwa na fundi wa chokaa, wala mtu anayejua kutunza karatasi za kale.

Swali la vitu vya maonyesho vitakaa wapi lilichukua kama dakika kumi. Kikanisani, tulisema, kwa sababu ni kikubwa na kinapendeza, na tena hakina kazi. Nyumba ya masista ingekuwa ofisi, stoo na mkahawa. Mimi nilikuwa nimekodolea macho lile koti la saruji ukutani. Nilitaka tu kulivua.

Kuvua lipu

Tulianza mwezi wa sita, masika yalipokwisha. Fundi mkuu, mzee aliyejifunza chokaa kwa baba yake, alipita ukutani akigonga kwa mpini wa mwiko. Pale lipu iliposhika, mlio ulikuwa mfupi. Pale ilipoachana na ukuta, ulilia kama debe tupu. Ukuta wa upande wa bahari ulilia karibu wote.

Tulipoibandua tuliona kwa nini. Kati ya mawe chokaa ya zamani ilikuwa imekuwa unga. Fundi aliingiza kidole, akakivuta, na unga ukamiminika kama sembe kwenye mfuko uliotoboka. Jiwe la tumbawe ni sponji. Linanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, na ukuta wa zamani ulijengwa ukijua hivyo: maji yanapanda, yanatoka nje kupitia lipu laini ya chokaa, chumvi inaishia juu juu, lipu inachakaa na kupigwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Lipu ndiyo inayojitoa mhanga. Ukiifunika kwa saruji, maji hayapati mlango. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, inaganda na kuvimba, na kuusaga ukuta kutoka ndani.

Mhandisi alipendekeza tuchanganye saruji kidogo kwenye chokaa ili kazi iende haraka. Tulikataa, na sababu iliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: hata saruji kidogo huongeza ugumu na kuziba njia ya maji, na tungekuwa tunarudia kosa lilelile kwa kipimo kidogo. Chokaa ililowekwa shimoni kwa miezi mitatu. Ukuta ulisuguliwa kwa brashi kavu, bila maji, maana maji yangerudisha chumvi ndani. Kisha lipu ya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa, matabaka membamba, kila tabaka likifunikwa kwa magunia mabichi ili lisikauke kwa jua. Kwa sehemu hii ya kazi sina la kujutia. Lakini ilikula muda wote uliokuwa umebaki.

Maonyesho ya haraka

Tarehe ya ufunguzi ilikuwa imekwishatangazwa, na ililetwa kampuni ya kupanga maonyesho. Mchoro wao ulikuwa safi. Matundu ya juu yangezibwa kwa vioo kuzuia vumbi, popo na njiwa. Viyoyozi vinne. Makabati ya vioo yangepangwa kwenye ukuta wa upande wa bahari, kwa sababu ndio mrefu na hauna mlango. Meza ya tiketi ingekaa mara tu unapoingia, juu ya bamba la jiwe lisilo na maandishi lililokuwa sakafuni.

Mimi nilisoma mchoro ule nikitafuta jambo moja: je, kuna tundu lolote linalotobolewa ukutani? Hakukuwa na hata moja. Makabati yalisimama kwa miguu yake, nyaya zilipita sakafuni. Nikatia saini. Nilikuwa nimeutetea ukuta nikasahau hewa.

Tulifungua mwezi wa kumi.

Wiki tatu baadaye

Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, walikuja kina mama kama kumi, na asumini kwenye vikapu na mishumaa. Mlinzi, ambaye hakuwa wa parokia ile, aliwaomba tiketi. Walisimama mlangoni wakitazamana. Bibi aliyekuwa mbele alinisogelea. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, marehemu wetu mmewapeleka wapi?"

Bamba lile lilikuwa kaburi. Halikuwa na jina kwa sababu waliozikwa pale ni wengi, watoto wa misheni waliofariki katika msimu mmoja wa maradhi. Kila mwaka kina mama wa vijiji vya jirani walikuja kulisafisha na kusali. Hata kikanisa kilipokuwa stoo, walihamisha viti kwanza, wakasali, wakavirudisha. Katika kamati yetu hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameulizwa. Siku ile tulisogeza meza kwa mikono, watu wanne, na mishumaa ikawashwa kati ya sanduku la tiketi na ukuta. Kesho yake mlinzi akairudisha meza mahali pake, na hakuna aliyemkataza.

Kitabu cha ubatizo

Mwezi wa pili alikuja mwalimu mstaafu na wajukuu wawili. Kwenye kabati la tatu kitabu cha ubatizo kilikuwa kimefunuliwa pale wino ulipokuwa unasomeka vizuri. Ndicho kigezo pekee tulichotumia kuchagua ukurasa. Mstari wa sita ulikuwa na jina la babu wa baba yake, na mbele yake umeandikwa ukoo wa mbali na neno kwamba alinunuliwa na kukombolewa.

Hakufoka. Aliwatoa wajukuu nje, akarudi peke yake, akaomba ukurasa ugeuzwe. Wahudumu wakaugeuza.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Neno mtumwa linaweza kumfuata mtu vizazi vinne, kwenye posa, kwenye ugomvi wa kiwanja, kwenye mdomo wa jirani aliyekasirika. Historia ya utumwa lazima isimuliwe, tena kwa sauti. Lakini kuchukua jina la mzee wa mtu, ambaye ukoo wake unaishi mtaa wa pili, na kuliweka chini ya kioo kwa kuwa mwandiko ni mzuri, ni kumwamulia jambo ambalo halikuwa letu kuliamua.

Masika

Kuta zilizovuliwa saruji zilikuwa bado zinatema maji ya miaka mingi. Chokaa mpya nayo ilikuwa haijamaliza kukauka. Kawaida unyevu ule ungetoka na upepo kupitia matundu ya juu, lakini tulikuwa tumeyaziba. Viyoyozi vilipofanya kazi, hewa ilikauka na kupoa. Umeme ulipokatika, na masika hiyo ulikatika sana, joto na unyevu vilirudi kwa kishindo juu ya vioo vilivyokuwa baridi. Asubuhi moja nilikuta matone yakiteremka upande wa ndani wa kabati la kitabu. Jalada la ngozi lilikuwa limeota kuvu la kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Mavazi ya ibada ya hariri yalikuwa na madoa. Picha za kale zilikuwa zimejikunja kama majani ya mgomba juani.

Tulifunga siku hiyohiyo. Kufikia hapo bili ya umeme ilikuwa imekwishapita mapato ya tiketi.

Uamuzi wa pili

Kikao kilichofuata kilikuwa na watu wengine. Alikuwepo fundi mkuu, kina mama wawili, mwalimu mstaafu, mtunza nyaraka, na padre mmoja msomi wa sheria za Kanisa. Huyu padre aliuliza swali moja lililotunyamazisha: ni lini askofu alitoa hati ya kukiondoa kikanisa kwenye ibada?

Hakukuwa na hati. Kwa Kanuni ya 1222 ya sheria za Kanisa Katoliki, askofu akiwa na sababu nzito anaweza kulitoa kanisa kwenye ibada na kuliweka kwenye matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu, baada ya kusikiliza baraza la mapadre na kupata ridhaa ya wenye haki juu yake. Hata hilo likifanyika, altare haipotezi wakfu wake kwa sababu hiyo tu. Sisi tulikuwa tumechukulia kwamba misa ikikoma kanisa limekoma. Kumbe kisheria kilikuwa kikanisa muda wote, na kwa kina mama wale pia.

Basi tukaamua kirudi kuwa kikanisa, na makumbusho yahamie nyumba ya masista.

Vioo vya juu viliondolewa. Mbao za mshazari zikarudishwa, na nyuma yake wavu wa kuzuia popo. Viyoyozi viliuzwa. Meza ya tiketi ilihamia ng'ambo ya ua, na bamba likaachwa wazi na nafasi ya watu kupiga magoti pande zote. Kikanisani tulibakiza maelezo machache kwenye ubao unaosimama wenyewe, wenye kukunjwa siku ya ibada.

Katika nyumba ya masista tulikuta kwamba vile vyumba tulivyovidharau vilikuwa ndivyo hasa tulivyohitaji. Tuliweka vipimo vya joto na unyevu kwa miezi miwili kabla ya kuhamisha kitu chochote. Chumba cha kati cha ghorofani hakigusi ukuta wa nje hata upande mmoja, na sakafu nzito ya chokaa juu yake inakinga joto la paa. Hali ya hewa mle ndani haibadiliki ghafla, hata bila umeme. Fundi alipita akichoma kila boriti kwa bisibisi. Zilizoliwa na mchwa zilikuwa tano. Kuzibadilisha kulichukua muda kwa sababu mikoko hukatwa kwa kibali, na tulisubiri kibali. Makabati yalisogezwa shubiri nzima kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma.

Kitabu cha ubatizo kilisafishwa, kikawekwa kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, nacho hutolewa kwa mtafiti au kwa mwanaukoo anayeomba. Kinachoonyeshwa ni nakala. Kurasa zilichaguliwa na familia zenyewe katika vikao vilivyoongozwa na mwalimu mstaafu. Wapo waliokataa, na majina yao hayaonyeshwi. Wapo waliotaka, na mmoja alileta picha ya bibi yake iwekwe kando ya mstari wake.

Uchambuzi

Kilichonisumbua zaidi baadaye ni kwamba mfano mzuri ulikuwa jirani. Bagamoyo makumbusho ya misheni yamo katika nyumba ya masista ya mwaka 1876, si kanisani. Zanzibar, askofu mmisionari Edward Steere alijenga kanisa kuu la Kianglikana mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877 kabla jengo halijakamilika. Maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa yamewekwa katika jengo la misheni lililo kando, na kanisani watu wanaendelea kusali. Nilikuwa nimetembelea kote kuwili. Nilidhani mpangilio ule ulitokana na uhaba wa nafasi. Sasa naona una akili ndani yake: jengo la ibada ndilo kitu kikubwa kuliko vyote katika maonyesho, na ukilijaza makabati unalifanya kuwa stoo kwa mara ya pili, safari hii yenye taa nzuri.

Kwa msikiti jambo lingekuwa zito zaidi, maana msikiti uliowekwa wakfu hauna mwenye mamlaka ya kuugeuza kwa uamuzi wa kamati. Msikiti wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, bado unaswaliwa, na wageni huja kuuona. Ibada yenyewe ndiyo iliyoutunza.

Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa utunzaji wa majengo ya kale, unasema kwamba jengo la kale kupewa kazi yenye manufaa kwa jamii hurahisisha utunzaji wake, ila kazi hiyo isibadilishe mpangilio wala mapambo yake. Tulizoea kuisoma ibara hiyo kama suala la kuta na nakshi. Matundu ya juu ni sehemu ya mpangilio, na kuyaziba ni kubadilisha jengo hata kama hujagusa jiwe.

Kuna jambo moja lililotuokoa, nalo tulilifanya bila kujua ukubwa wake. Kwa kuwa hatukutoboa ukuta, kuondoa maonyesho yote kulichukua siku mbili. Hagia Sophia ya Istanbul ilijengwa kanisa mwaka 537, ikawa msikiti 1453, ikafunguliwa kama makumbusho 1935, na mwaka 2020 ikarudishwa kuwa msikiti. Anayepanga maonyesho ndani ya jengo la ibada apange kama mgeni ambaye mizigo yake haijafunguliwa yote.

Kuhusu makosa, sidhani mzizi ulikuwa viyoyozi. Mzizi ulikuwa zile dakika kumi za kikao cha kwanza. Tuliuliza vitu vitakaa wapi kabla ya kuuliza nani bado anakuja hapa, siku gani, kufanya nini. Mama mmoja kwenye kamati angetuambia habari ya bamba. Mtunza nyaraka mmoja angekataa ukuta wa bahari. Fundi angesema ukuta uliovuliwa unahitaji masika mbili au tatu kabla ya kusogezewa kitu. Alikuwa amekwishaniambia, akiwa juu ya jukwaa la miti, nami nikamjibu kwamba tarehe ya ufunguzi si yangu kuipanga. Lakini barua ya kuomba mfadhili aongeze muda ningeweza kuiandika. Tulipoiandika hatimaye, baada ya kuvu, mfadhili alikubali ndani ya wiki moja.

Hali ilivyo sasa

Misa husomwa kikanisani mara moja kwa mwezi, na Novemba 2 kina mama huingia bila kuulizwa chochote. Wageni wa makumbusho huanzia nyumba ya masista na kumalizia kikanisani, kimya. Idadi yao si kubwa, lakini bili ya umeme ni ya taa tu.

Ukuta wa bahari bado unatema chumvi. Dada anayefagia hukusanya unga unaoanguka chini yake, huutia kwenye kopo la maziwa, na kuandika tarehe kwenye daftari. Masika ya kwanza baada ya kufungua matundu alijaza makopo manne. Iliyofuata yalikuwa mawili. Masika iliyopita alinionyesha kopo moja, halikuwa limejaa.